Mkutano Zanzibar, Mombasa, Dar au Lamu? Namna ya kuchagua mji wa kale wa pwani kwa shughuli ya kikazi

Ombi huwa linafika hivi: "Tutafutie sehemu nzuri, iwe na bahari, iwe na historia." Bosi ameona picha ya Forodhani, bustani ya ufukweni Zanzibar, jua likizama, basi imetosha. Picha ile imepigwa saa kumi na mbili jioni. Mkutano wako unaanza saa mbili na nusu asubuhi, ndani ya chumba chenye mapazia yaliyofungwa ili projekta ionekane. Kama ratiba yako imejaa kuanzia chai hadi giza, mji wa kale wa pwani ni kupoteza fedha. Nenda Morogoro au Naivasha, utahudumiwa vizuri na hakuna atakayejua alichokosa. Mji wa aina hii unalipa pale tu washiriki wanapoweza kutoka ukumbini na kuutumia kwa miguu yao wenyewe. Hilo lishike katika kila hatua inayofuata.

Hatua ya 1: Hesabu wanaolala, si waalikwa

Jina la mji lisubiri. Chukua orodha ya washiriki uigawe mafungu matatu: wanaotoka mbali na watalala, wenyeji watakaorudi makwao jioni, na wageni rasmi wanaofungua mkutano na kuondoka baada ya picha ya pamoja. Fungu la kwanza ndilo linaloamua mji, kwa sababu miji ya kale ina hoteli nyingi zenye vyumba vichache vichache. Fungu la tatu linaamua ukumbi, maana waziri anakuja na msafara, na msafara unataka pa kuegesha.

Kisha kuna suala la posho, ambalo waandaaji wengi hulipita kimya kimya. Ikiwa taasisi inampa mshiriki posho mkononi ajitafutie malazi, usitegemee watu 80 walale katika hoteli uliyoipenda wewe. Wachache watalala pale, wengine, kama ni Zanzibar, utawakuta kwenye gesti za Darajani na Kikwajuni, kwa ndugu, kwa shemeji. Hakuna ubaya, kila mtu na hesabu zake. Ila wewe usisaini mkataba wa kudhamini vyumba 80. Taasisi ikilipa hoteli moja kwa moja, hapo namba yako ni ya kweli na una nguvu ya kukaa mezani kujadili bei.

Andika pia nani anatumia kiti cha magurudumu, nani magoti yamechoka, na wangapi wana pasi za kigeni. Utahitaji majibu hayo mbele.

Hatua ya 2: Pima mji kwa idadi hiyo

Wakiwa 30 au 40, kikao cha bodi au mafungo ya kupanga mkakati, Lamu inafaa sana. Mji wake uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ndani hakuna pa kupita gari, mizigo ni ya punda na mikokoteni, na uwanja wa ndege uko kisiwa cha pili, Manda, unavuka kwa boti. Kwa mwandaaji hiyo ni neema: mtu hatoroki kikao kwenda "kufuatilia jambo mjini", kwa sababu mjini ndipo alipo. Lakini beba kila kitu. Adapta ya projekta ikisahaulika Nairobi, usitarajie kuikuta dukani kando ya msikiti. Na kama una washiriki kutoka Ulaya au Marekani, waulize mapema tahadhari za usafiri za nchi zao zinasemaje kuhusu kaunti ya Lamu, kwa sababu bima zao hufuata tahadhari hizo, hazifuati maelezo yako.

Kuanzia 50 hadi kama 200, Mji Mkongwe wa Zanzibar hauna mpinzani katika pwani hii. Hapa hoteli, ukumbi, Forodhani, Ngome Kongwe na bandari vyote viko ndani ya mwendo wa miguu. Tatizo ni vyumba. Hoteli za Shangani zinazotazama bahari hazina uwezo wa kumeza watu 150 kwa pamoja, kwa hiyo utawagawa hoteli tatu au nne. Wengi hukimbilia hoteli kubwa za nje kidogo, Mtoni au Mbweni, ambako ukumbi na vyumba viko chini ya paa moja na maegesho yapo. Si uamuzi mbaya, ila ujue umeshatoka nje ya mji wa kale na jioni utalipia mabasi. Kwa hafla ya ufunguzi yenye watu wengi kuna Ukumbi wa Sheikh Idris Abdul Wakil, Kikwajuni, karibu kabisa na Mji Mkongwe.

Wakiwa mia kadhaa, angalia Mombasa. Hoteli za pwani ya kaskazini, Nyali, Bamburi hadi Shanzu, zimezoea makongamano makubwa na zina kumbi za kutosha. Ukweli wenyewe ni huu: huo ni mkutano wa ufukweni, si wa mji wa kale. Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593 na kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2011, iko kisiwani, na kati yenu kuna Daraja la Nyali na foleni yake. Ukiwaahidi washiriki "Mombasa ya kihistoria" halafu ukawalaza Shanzu siku tatu, watarudi na picha za bwawa la kuogelea.

Ukivuka elfu, ni Dar es Salaam. Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Julius Nyerere kilifunguliwa mwaka 2013, kiko katikati ya jiji, na kutoka hapo mtu anaweza kutembea hadi kanisa la Azania Front, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu na Kivukoni. Watu huwa hawaiweki Dar kwenye orodha ya miji ya kale, na nadhani wanaionea. Boma la zamani pale mbele ya bandari ni la enzi za Sultani Majid, miaka ya 1860. Angalizo moja tu: ugeni wa kitaifa ukija, jiji linakuwa lao. Januari 2025, Mkutano wa Wakuu wa Nchi za Afrika kuhusu Nishati ulipofanyika hapo, barabara kadhaa za katikati zilifungwa. Kabla hujalipia, uliza nini kingine kimepangwa wiki hiyo.

Hatua ya 3: Chora safari ya mshiriki wa mbali kuliko wote

Usichore safari ya anayetoka Dar. Chora ya yule wa Goma, Bujumbura au Muscat, kuanzia mlangoni kwake hadi kitandani.

Kutoka Dar kwenda Zanzibar kuna njia mbili. Ndege kutoka Dar ni kama dakika 20 hewani, na uwanja wa Abeid Amani Karume uko kilomita chache tu kutoka Mji Mkongwe. Boti ya kasi inachukua karibu saa mbili na kuteremsha watu Malindi, pembeni kabisa ya mji. Boti ni nafuu na inabeba kundi zima kwa mara moja, lakini msimu wa kusi, hasa Julai na Agosti, bahari huchafuka, na mtoa mada aliyetapika njia nzima hawezi kuwekwa kwenye kikao cha saa tano asubuhi. Mpe ndege, au mlete jana yake.

Mgeni asiye Mtanzania anayeingia Zanzibar anatakiwa awe na bima ya lazima ya safari kutoka Shirika la Bima la Zanzibar, utaratibu ulioanza Oktoba 2024 kwa dola 44. Bima aliyokata kwao haiichukui nafasi hiyo. Liweke kwenye barua ya mwaliko na useme nani analipa, la sivyo swali hilo litaulizwa uwanja wa ndege kwa simu yako. Viza nayo usiiachie kubahatisha: ya kawaida ya Tanzania na ya kibiashara hazilingani bei wala masharti, kwa hiyo waulize Uhamiaji kwa maandishi ni ipi inayowahusu washiriki wako, kisha waambie wote neno moja. Kwa Kenya, wasioruhusiwa kuingia moja kwa moja huomba kibali cha eTA mtandaoni kabla ya kusafiri, mfumo uliochukua nafasi ya viza mwaka 2024.

Kwa Mombasa kuna treni ya SGR kutoka Nairobi tangu 2017, na kwa kundi la Nairobi ndiyo ninayoipendekeza: watu wanafika pamoja na kikao cha kwanza kisicho rasmi kinafanyika njiani. Ila stesheni iko Miritini, nje ya kisiwa. Weka mabasi yakisubiri pale, hasa kwa treni ya usiku.

Hatua ya 4: Kalenda nne, si moja

Ya kwanza ni ya mvua. Masika ni kati ya Machi na Mei, na Aprili ndiyo mbaya zaidi; vuli ni Oktoba hadi Desemba, nyepesi. Hoteli hushusha bei masika kwa sababu maalumu. Kama kila kitu chako kiko ndani na huna hafla ya nje, hapo ndipo pa kuokoa fedha.

Ya pili ni ya watalii. Julai, Agosti na mwisho wa Desemba hoteli hazina shida na wewe.

Ya tatu ni ya dini. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, na kila mwaka inawahi kwa siku 10 au 11. Zanzibar mchana wa mfungo migahawa mingi ya mitaani hufungwa na kula hadharani hairuhusiwi. Hoteli huhudumia wageni ndani. Mkutano unaweza kufanyika, lakini anza mapema, maliza saa tisa, futa chai ya jioni na uweke fedha hiyo kwenye futari. Kwa kweli futari ya pamoja, uji wa pilipili manga, tambi na mihogo ya nazi mezani, huwakutanisha watu kuliko hafla yoyote ya kujuana. Siku za Idi usizikaribie, kwa sababu mwandamo wa mwezi haujui tarehe ya ndege yako. Na Ijumaa, mwezi wowote, acha wazi kuanzia saa sita hadi saa nane.

Ya nne ni ya shughuli nyingine. Tamasha la muziki la Sauti za Busara hujaza Mji Mkongwe, kwa kawaida Februari. Kenya ina uchaguzi mkuu Agosti 2027, na fainali za AFCON za 2027 zilipewa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja. Ukipanga 2027, anza kwa kuondoa wiki hizo.

Hatua ya 5: Itembee njia ukiwa na begi

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoamua. Nenda mwenyewe, na uende ukiwa na begi la magurudumu lililojaa.

Gari la Mji Mkongwe linaishia Forodhani, Barabara ya Kenyatta au Mizingani. Baada ya hapo ni vichochoro. Begi linapita juu ya mawe, linakwama kwenye mfereji, linagonga baraza ya mtu aliyekaa anakunywa kahawa. Pikipiki inapiga honi nyuma yako na hakuna pa kukwepea ila kwenye mlango wenye misumari ya shaba. Ukifika hotelini, mapokezi ni ghorofa ya chini na chumba ni ya tatu, ngazi za mbao, mwinuko mkali, lifti hakuna kwa sababu jengo la namna hiyo halikuwahi kuwa na pa kuiweka. Hesabu dakika. Kisha jiulize kama yule uliyemwandika katika hatua ya kwanza, mwenye kiti cha magurudumu, angefika. Kama hafiki, hiyo si hoteli ya mkutano wako, hata iwe na varanda ya kupendeza kiasi gani.

Rudia njia hiyo hiyo saa tatu usiku. Taa zinawaka wapi, wapi giza? Mgeni atakayelala hoteli ya pili atapotea kichochoro gani? Hapo weka kijana wa kuongoza kila jioni. Gharama yake ni ndogo na washiriki wanawake watakushukuru.

Mombasa fanya hivyo kwa gari: toka Fort Jesus hadi hotelini kwako saa kumi na moja na nusu jioni siku ya kazi. Ukishakaa Nyali kwenye foleni, utajua mwenyewe kama ziara ya mji wa kale uiweke jioni au Jumamosi asubuhi. Kwa pwani ya kusini kuna kivuko cha Likoni, au kuzungukia Dongo Kundu.

Hatua ya 6: Ukumbi ndani ya jengo la kale

Nyumba za kale za pwani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikishikwa na boriti za mikoko. Boriti haiendi mbali, kama mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu. Kwa hiyo "ukumbi wa kihistoria wa watu 120" ukiuona kwenye brosha, mara nyingi ni ua uliofunikwa, au vyumba viwili vilivyovunjwa ukuta na kuachwa nguzo katikati. Kaa kwenye kiti cha nyuma kabisa, nyuma ya nguzo, uone kama skrini unaiona.

Uliza idadi kwa mpangilio unaoutaka. Ukumbi unaochukua 200 kwa viti vitupu utachukua kama nusu yao ukiweka meza za kuandikia, na meza za duara hupunguza zaidi. Hoteli hutaja namba kubwa, hiyo ni kazi yao.

Kuta nene zile zinazoleta ubaridi ndizo zinazoua intaneti. Simama kila pembe na simu yako, kisha omba kila mtu wa hoteli awashe video kwa pamoja. Kama inakatika kwa watu saba, fikiria sabini. Uliza kama wana watoa huduma wawili tofauti. Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania na majirani walikaa na intaneti ya kusuasua, na mikutano ya mseto, wengine ukumbini wengine mtandaoni, iliumia zaidi.

Umeme ni hivyo hivyo. Zanzibar inapata umeme wake kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa karibu mwezi bila umeme, na kuanzia Desemba 2009 ikawa kama miezi mitatu. Waya mpya wa megawati 100 ulioanza 2013 umebadilisha hali, lakini kumbukumbu ndiyo iliyoacha jenereta kila hoteli. Usiulize kama jenereta ipo. Omba wazime swichi kuu mbele yako, uhesabu sekunde, na uangalie kama viyoyozi vya ukumbini vinarudi au ni taa tu.

Adhana itasikika, misikiti iko kila upande. Usiwe mwandaaji anayewaomba wapunguze sauti. Weka mapumziko saa hizo.

Hatua ya 7: Jioni, vibali na maji

Hafla ya jioni ndiyo iliyokuleta huku, kwa hiyo ipe nguvu. Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, ina uwanja wa maonyesho ulio wazi ambako taarabu ikipigwa hata mhasibu mkuu anasimama. Haina paa, kwa hiyo masika sahau. Beit al-Ajaib, jumba la kale jirani yake, usiiweke kwenye mpango kwa picha za zamani. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 na kuua watu wawili, na ukarabati wake umekuwa wa muda mrefu.

Bango, jukwaa, taa za kufunga ukutani, hema: katika Mji Mkongwe vyote viulize kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, kwa barua, wiki nyingi kabla. Fort Jesus iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Usikubali maneno ya "hapo nitaongea na mtu".

Mashua na fungu za mchanga zinakwenda na mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji Zanzibar hupanda na kushuka karibu mita nne, yanajaa karibu saa kumi jioni na kukupwa karibu saa nne asubuhi. Siku hizo dau la machweo linaondoka Forodhani bila shida, na fungu la Nakupenda ni la asubuhi. Ukipeleka watu chakula cha mchana saa nane utawaona wakisogeza meza kila dakika kumi. Siku za maji mafu saa hugeuka. Nahodha yeyote atakusomea tarehe zako bila malipo, muulize kabla ya kuchapisha ratiba.

Hatua ya 8: Bei na mkataba

Omba bei ya pakeji ya siku kwa kila mtu na iandikwe ndani yake kuna nini: chai ya saa nne ina vitafunwa vingapi, maji ni chupa ngapi, projekta na vipaza sauti ni vya bure au vya kukodi, fundi anakaa siku nzima au anakuja akiitwa. Uliza kama kodi na tozo za kila usiku zimeshajumlishwa. VAT ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara, na pengo hilo kwenye ankara ya watu 150 si dogo. Tanzania, tangu kanuni za Machi 2025, bei za ndani zinatakiwa kutajwa kwa shilingi; kama bajeti ya mfadhili ni ya dola, kubalianeni mapema kiwango cha kubadilishia na tarehe yake.

Kwenye mkataba pigania vipengele viwili. Kwanza, haki ya kupunguza vyumba bila faini hadi tarehe fulani, kwa sababu ya yale ya posho. Pili, boti au ndege zikisimama kwa hali ya hewa, siku ya kwanza ihamishiwe mbele bila kulipa upya. Meneja atasema hawajawahi kuandika hivyo. Mwambie aandike, na malipo ya awali yasitoke mpaka karatasi hiyo iwe na muhuri.